Pikapu ya kati na boti nyuma yake: jinsi ninavyoivuta

Anayenunua boti kwa mara ya kwanza huuliza kama pikapu yake itaivuta. Itaivuta. Karibu kila pikapu ya dizeli ya ukubwa wa kati itaing'oa boti ya mita sita na kuondoka nayo bila kulalamika. Mimi nina maswali mengine. Itaisimamisha? Na lori likiwapita kwa kasi kwenye mteremko na upepo wake kuwapiga ubavuni, nani atamwongoza mwenzake, gari au trela? Karibu yote nitakayoeleza hapa yanatokana na hayo mawili.

Ili ujue hesabu zangu zinatoka wapi: boti yangu ni ya faiba, urefu mita 5.5, ina mashine moja ya kupachika ya nguvu za farasi 115, na imekaa juu ya trela la ekseli moja lenye breki. Gari ni la dizeli, kebini mbili, na fowili yake (magurudumu yote manne kuvuta) huiweki mpaka uitake. Kama chombo chako ni kikubwa au kidogo kuliko changu, namba zitabadilika lakini utaratibu ni ule ule.

Uzito, na namba inayodanganya

Matoleo mengi ya dizeli ya Ford Ranger, Isuzu D-Max na Toyota Hilux yameandikwa kwamba yanavuta kilo 3,500 trela likiwa na breki, na kilo 750 tu likiwa halina. Toyota Tacoma inayouzwa Marekani hufikia kiasi cha kilo 2,900. Watu hushika namba kubwa na kuisahau ndogo. Soma kitabu cha gari lako, maana injini, giaboksi na hata ukubwa wa matairi hubadilisha namba hiyo kati ya magari mawili yanayofanana sura.

Kisha tafuta kwenye kitabu hicho hicho uzito wa juu wa gari na trela vikiwa pamoja. Huo ndio unaowakamata wengi. Ukijaza kebini watu wazima watano na bodi ikafurika mizigo, kiasi unachoruhusiwa kuvuta kinapungua, hata kama namba ya kwanza bado inasomeka 3,500.

Sasa boti yenyewe. Karatasi ya kiwandani ya kwangu inataja kilo 680. Hizo ni kilo za ganda tupu. Ongeza mashine, kilo 175. Petroli lita 100 ni kilo 75 hivi, kwa sababu lita moja ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Betri mbili, 45. Nanga na cheni yake, kamba, majaketi ya kujiokolea na kisanduku cha spana, 75. Trela, 400. Jumla 1,450, zaidi ya mara mbili ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Usiishie kwenye hesabu ya kichwani. Ipeleke kwenye mzani wa magari ikiwa imejaa kama siku ya safari, upate namba ya kweli.

Mimi sivuki robo tatu ya kile ambacho gari limeandikiwa. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ila namba ya mtengenezaji haijui mteremko wako, matope yako wala umri wa breki zako.

Uzito wa mkono

Hapa naomba utulie, maana ndipo ajali nyingi za trela huanzia. Mkono wa trela ni kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, na uzito wa mkono ni kile kiasi ambacho mkono huo unaukandamiza mkia wa gari. Kwa trela la boti, kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wote hufaa. Kwangu ni kilo 100 hadi 145.

Mkono ukiwa mwepesi mno, uzito mwingi umekaa nyuma ya ekseli. Trela la namna hiyo likisukumwa kidogo upande mmoja, uzito wa nyuma huendelea kwenda, hurudi, kisha huenda zaidi, mpaka mkia wa trela unautikisa mkia wa gari. Mwendo ukiongezeka, mtikiso nao unakua. Mkono ukiwa mzito mno, nyuma ya gari inadidimia na mbele inanyanyuka. Matairi ya mbele ndiyo yanayogeuza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, na sasa yameguswa na barabara kijuujuu tu. Usiku utajua bila kuambiwa: wanaokuja mbele watakuwashia taa zao kwa hasira kwa sababu zako zinawapiga machoni.

Kuupima huhitaji kifaa cha bei. Chukua mzani wa kujipimia mwili, ubao mnene na vipande viwili vya bomba. Bomba moja liweke juu ya tofali, jingine juu ya mzani, na ubao uvilalie. Mkono wa trela uushushe juu ya ubao ukiwa sentimita 30 kutoka bomba la tofali na sentimita 60 kutoka bomba la mzani. Unachosoma kizidishe kwa tatu. Kumbuka kutoa kwanza uzito ambao ubao wenyewe unauonyesha. Trela liwe limelala sawa na ardhi, magurudumu yake yamezuiwa kwa kabari, na tangi la mafuta limejaa. Tangi la boti nyingi liko tezini, yaani nyuma ya boti, kwa hiyo kila lita unayoijaza inaupunguza mkono uzito.

Namba ikikataa, usikimbilie kurundika mawe omoni, yaani mbele ya boti. Nguzo ya winchi kwenye matrela mengi imeshikwa kwa boliti na inasogea. Isogeze mbele sentimita chache, boti itaifuata, na mkono utaongezeka uzito. Irudishe nyuma, utapungua. Sogeza kidogo, pima, sogeza tena. Baada ya kuisogeza hakikisha ubao wa tezi bado umeegemea kwenye mihimili ya trela. Boti isibaki imening'iniza mashine hewani bila kitu chini yake.

Uzito wa mkono unahesabiwa kuwa ni mzigo wa gari. Kilo 140 pale nyuma ni sawa na kubeba watu wazima wawili zaidi, tena wamekaa nyuma kabisa ya ekseli. Chukua futi ya kupimia, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu kabla ya kufunga trela na baada ya kulifunga. Nyuma itashuka, hilo ni kawaida. Mbele ikipanda sana, rudi kwenye ubao na mzani.

Kuunganisha

Tufe la chuma la gari na kikombe cha trela lazima viwe vya kipimo kimoja. Kuna matufe ya milimita 50, na kuna ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, kwa macho ni pacha. Kuna pia ya inchi 1 na 7/8. Tufe dogo ndani ya kikombe kikubwa linaweza kukaa vizuri siku nzima mpaka shimo la kwanza la barabara. Kipimo kimepigwa chapa juu ya tufe na kwenye kikombe. Kisome, hata kama aliyekuazima trela ni kaka yako.

Ukishafunga kikombe na kutia pini yake, zungusha jeki iliyo kwenye mkono wa trela kana kwamba unataka kulinyanyua trela. Mkia wa gari ukinyanyuka pamoja nalo, kikombe kimeshika. Kikombe kikichomoka, umeshukuru kimechomoka hapo.

Cheni mbili za usalama zipishane kwa chini, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Zikipishana hivyo, mkono ukichomoka unaangukia juu yake badala ya kuchimba lami. Ziwe ndefu za kutosha kona kali na fupi za kutosha zisiburuzike. Waya wa kukatikia, ule unaofunga breki za trela likijitenga na gari, ufunge kwenye chasisi au mahali palipowekwa kwa ajili yake. Usiupitishe juu ya tufe wala usiufunge kwenye cheni.

Taa: mtu mmoja ndani, mmoja nyuma. Breki, indiketa, kushoto, kulia. Haichukui dakika.

Breki, matairi na beringi

Matrela mengi ya boti hutumia breki za kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma, na msukumo huo kwenye mkono hubana mafuta ya breki. Ni mpango mzuri kwa kitu kinachozamishwa majini, kwa kuwa hautegemei umeme magurudumuni. Una kero moja: ukirudi nyuma kwenye kilima, trela hudhani unafunga breki na linakugomea. Baadhi yana kifungio cha mkono, mengine hujifungua taa ya kurudi nyuma ikiwaka. Jua la kwako ni la aina gani kabla hujafika penye watu.

Matairi ya trela huzeeka kabla ya kuisha meno, maana trela hulala sana kuliko linavyotembea. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yangu huyabadilisha yakikaribia miaka sita, yawe na meno au la. Upepo jaza asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kiasi kinachotajwa kwenye bamba la trela. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto, na joto ndilo linalolipasua.

Beringi zina adui wake wa peke yake. Umeendesha saa moja, kitovu cha gurudumu kimepata joto, kisha unakitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi. Hewa iliyo ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia sili. Grisi inageuka rangi ya maziwa, chuma kinashika kutu, na siku moja gurudumu linakupita barabarani. Ukifika, ngoja vitovu vipoe. Muda huo una kazi nyingine za kufanya, nitazitaja. Tumia grisi ya vyombo vya majini. Sili zikague kila mwaka. Kila ukisimama njiani, karibisha kiganja kwenye kitovu. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuuacha mkono hapo kwa joto, usiendelee na safari. Mimi hubeba kitovu kizima cha akiba, kimeshatiwa beringi na grisi, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kando ya barabara, kubadilisha kitovu ni rahisi kuliko kupekua beringi moja moja kwa taa ya simu.

Tairi la akiba la trela nalo, bila shaka. Hakikisha nyumbani kwamba jeki ya gari inaingia chini ya ekseli ya trela na kwamba spana inaingia kwenye nati zake. Mara nyingi haiingii.

Kuifunga boti

Winchi inaivuta boti, haiifungi. Kwenye pete ya omoni kuwe na mkanda wa winchi na, mbali na huo, cheni fupi au kikazio kinachoishika hadi kwenye trela. Tezini mikanda miwili ya kukaza kwa meno, kila mmoja kutoka pete ya boti hadi fremu ya trela, kamwe si kwenye gari. Mkanda uupe msokoto mmoja kabla ya kuukaza, upepo hautaupigisha kelele njia nzima.

Mashine inyanyue hadi isiweze kugusa barabara, na iegemeze kwenye fimbo maalumu kati yake na trela. Kuiachia mitungi ya haidroliki inayoinyanyua ibebe kilo 175 zinazoruka kwenye kila tuta ni kuitesa mashine na ubao wa tezi.

Kizibo cha ngama, kile cha tundu la kutolea maji chini ya boti, kitoe, ukiweke mahali utakapokiona. Mvua ikinyesha njiani, kila lita inayobaki ndani ni kilo moja, na maji yote hukimbilia tezini. Umepima uzito wa mkono kwa ubao na mzani, halafu mawingu yakuharibie hesabu!

Barabarani

Simama baada ya kilomita 15 hivi. Boti inakuwa imekwishajikalisha na mikanda imelegea. Kaza, gusa vitovu, tazama cheni. Baadaye simama kila saa moja na nusu.

Mimi huenda kilomita 80 kwa saa barabara ikiwa nzuri. Ukitoka 80 hadi 110, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza hukaribia kuwa maradufu, na hiyo ni kwa gari na trela vyote viwili. Isome pia sheria ya unakopita, maana mahali pengi gari lenye trela lina kikomo chake. Umbali na gari la mbele, hesabu sekunde tano. Watu wataingia katikati. Waache, punguza, hesabu upya.

Mteremko mrefu, weka gia ndogo kabla ya kuuanza. Madereva wa malori husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na kwa pikapu iliyobeba mzigo nyuma ni kipimo kizuri. Gari la otomatiki likiwa na kitufe cha kuvutia mizigo, kibonyeze. Breki ikanyage kwa uthabiti, punguza, achia ipoe. Kuikanyaga kidogo kidogo mteremko mzima huzipika breki mpaka pedali inakuwa laini na gari halisikii.

Trela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na usifanye kingine. Mkono utatamani kuufuata mtikiso kwa kugeuza kushoto na kulia, utauongeza. Mguu utatamani breki. Breki ya ghafla huliacha trela likilisukuma gari huku limepinda. Kuongeza mwendo ili kulinyoosha ni ushauri wa kijiweni, uache huko huko. Likitulia, simama mahali salama utafute chanzo. Kwa kawaida ni mkono mwepesi, tairi lenye upepo mdogo, au mwendo wako mwenyewe.

Kwenye kona, trela hukata ndani. Pita mbele zaidi ndipo ugeuze.

Kurudi nyuma na kushua (kuiteremsha boti majini)

Weka mkono mmoja chini kabisa ya usukani. Ukipeleka mkono kushoto, mkia wa trela unakwenda kushoto, kulia, kulia. Geuza kidogo, ngoja uone, ndipo uongeze. Trela fupi hujibu haraka na husamehe kidogo. Likishapinda sana, kurudi zaidi hakulinyooshi. Songa mbele mita tatu, lianze upya. Fanya mazoezi kwenye uwanja mtupu, si mbele ya foleni ya watu wenye haraka.

Maandalizi yote yafanyike pembeni, kabla ya kuingia kwenye mteremko wa kushulia. Vitovu vinapoa, wewe fungua mikanda ya tezi, toa fimbo ya mashine, pakia vitu, chomoa plagi ya taa. Rudisha kizibo cha ngama. Kiguse kwa kidole, usikiamini kwa kumbukumbu. Mkanda wa winchi na cheni ya omoni usiviguse mpaka boti iwe majini. Kwenye zege lenye utelezi boti huteleza yenyewe, na faiba haishindani na zege.

Sehemu ya chini ya mteremko imefunikwa na mwani, na hapo ndipo matairi ya nyuma ya gari lako yatakuwa. Weka fowili, gia nzito, kabla ya kushuka. Vioo vya madirisha teremsha, mkanda wa kiti fungua. Binti yangu husimama upande wa dereva, ninapomwona kwenye kioo. Tuna makubaliano mawili: nisipomwona nasimama, na neno lake ni moja tu, "simama". Maelekezo mengine ni ya mikono. Hakuna mtu nyuma ya trela, wala kati ya gari na boti.

Boti ikianza kuelea, handibreki, gia ya kuzuia, kabari nyuma ya gurudumu, ndipo ufungue cheni na winchi, kamba ya boti ikiwa mkononi mwa mtu. Angalia pia maji yamejaa au yamepwa. Yakipwa sana, magurudumu ya trela yanaweza kupita mwisho wa zege na kudondoka, na kulitoa hapo ni kazi ya siku.

Wakati wa kuitoa, boti ikae katikati ya trela na omo iguse kizuizi cha winchi. Funga cheni ya omoni kabla gari halijasogea hata hatua moja. Usisimame kwenye mstari wa mkanda wa winchi ukiwa umekazwa, na mpini wake usiuachie ujizungushe. Panda taratibu, nenda pembeni uwapishe wengine, toa kizibo, rudisha fimbo ya mashine, mikanda na plagi ya taa, hatua zile zile kwa kurudi nyuma. Majani na uchafu wa majini ondoa hapo hapo, usivipeleke kwenye maji mengine.

Nyumbani, maji matamu kwenye breki, springi na ndani ya fremu, hasa ukitoka baharini. Kisha nyanyua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza, au likicheza ukilitikisa juu na chini, fungua beringi wiki hiyo hiyo, usisubiri asubuhi ya safari.